Maswali Yenu: Eti Wachoctaw Waliichangia Ireland?

SWALI: Shikamoo mhariri. Kijiweni kwetu jamaa kasema kuna Wahindi Wekundu wa Marekani waliwatumia hela Waireland wakati wa njaa, tukamcheka sana. Si wenyewe walikuwa wanafukuzwa kwenye ardhi yao? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba. Mnunulieni soda huyo jamaa maana siyo chai. Hao ni Wachoctaw, na tarehe 23 Machi 1847 walikaa kikao Skullyville, sehemu ambayo leo iko Oklahoma, wao pamoja na wamishenari na maofisa wa serikali, wakachangishana dola 170 ziende Ireland ambako viazi vilikuwa vimeozea shambani na watu wanakufa. Usiangalie kiasi bana, hata kwenye magrupu ya michango ya harusi anayekumbukwa siyo lazima aliyetoa laki. Angalia aliyetoa ni nani.

Kwao kabisa ni Mississippi na Alabama. Septemba 1830 wakasainishwa mkataba wa Dancing Rabbit Creek, ekari kama milioni 11 zikaondoka, na kuanzia 1831 wakaanza kuhamishwa kwenda magharibi, wengine kwa mguu wengine kwa boti, baridi kali, nguo hazitoshi, alafu kipindupindu nacho kikawakuta njiani. Makadirio yanasema walikufa kama 2,500. Kuna Mfaransa alikuwepo Memphis akawaona wanavushwa mto, watu kimya kabisa hakuna anayelia, ila mbwa wao walipogundua wanaachwa wakabweka kwa uchungu na kujitosa kwenye maji ya barafu kuifuata boti.

Na kinachoniudhi mimi, rais aliyesimamia hayo ni Andrew Jackson. Mwaka 1811 Tecumseh, kiongozi wa kabila la Washawnee, alienda kuwashawishi wajiunge naye kupambana na wazungu, chifu wao Pushmataha akagoma, badala yake akapeleka wapiganaji wake upande wa Marekani, wakapigana chini ya Jackson huyo huyo, enzi hizo akiwa jenerali! Pushmataha akafia Washington Desemba 1824, akazikwa kwa heshima za kijeshi, miaka 6 mbele watu wake wakaambiwa wafungashe. Heshima gani hiyo sasa.

Waireland lakini hawakusahau. Mwaka 2017 walizindua mnara Midleton, County Cork, manyoya 9 ya tai ya chuma yaliyojipanga duara kama bakuli, na korona ilipoingia 2020 wakawachangia Wanavajo na Wahopi, makabila mengine ya wenyeji wa Marekani, wengi wakisema wazi kwamba wanalipa fadhila ya Wachoctaw.

SWALI: Kaka, hivi ni kweli lugha yao ilitumika vitani? (Mama wawili, Kigamboni)

JIBU: Kweli dada. Oktoba 1918, kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia huko Ufaransa, Wajerumani walikuwa wanadukua simu za Wamarekani, kila mpango unavuja, mpaka ofisa mmoja akawasikia askari Wachoctaw wanapiga stori kwa lugha yao, akawaweka kwenye simu. Bunduki ya rashasha wakaiita bunduki ndogo inayopiga haraka, na batalioni wakazitaja kwa punje za mahindi, punje moja, mbili, tatu. Wajerumani wakabaki wanasikiliza tu. Kumbuka enzi hizo kwenye shule nyingi za bweni mtoto wa wenyeji alikuwa anachapwa akiongea kilugha. Ufaransa iliwapa nishani 1989, Bunge la Marekani likaja kustuka 2013.

SWALI: Mbona mnawasifia tu, nasikia walimiliki watumwa weusi? (Msomaji, Mbagala)

JIBU: Walimiliki, na wala sikwepi. Siyo wote, ila matajiri wao walikuwa na mashamba ya pamba kama wazungu wa kusini. Greenwood LeFlore, chifu aliyesaini ule mkataba wa 1830, yeye hata hakuhama, alibaki Mississippi akajijengea jumba la kifahari, akawa na mamia ya watumwa na useneta wa jimbo juu. Hao waliohamishwa nao waliondoka na watumwa wao, kwa hiyo kwenye ile safari ya mateso kulikuwa na Waafrika ambao hawatajwi sana. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza 1861 Wachoctaw wakaenda na upande wa kusini, wakashindwa, na mkataba wa 1866 ukamaliza utumwa kwao. Walioachiwa huru wakasubiri mpaka miaka ya 1880 ndo wakapewa uraia wa taifa lile, alafu katiba ya 1983 ikaja kusema mwanachama ni mwenye damu ya Kichoctaw, wajukuu wa watumwa wakajikuta nje tena, na mpaka leo wanadai.