Kabla hujachora nembo ya soda ukaiita sanaa

Nembo zimenilisha miaka 12. Hapa Mbeya, maduka ya Mwanjelwa na Soweto yenye rangi za soda na mitandao ya simu hupakwa na mafundi kama mimi: ngazi, chaki, uzi wa kupigia mstari, kopo la rangi ya mafuta. Vijana wanaponitumia michoro yao ya nembo niikague, naona kosa haraka, maana nilianzia hapohapo.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa chungu. Nilikuwa nimeona picha ya mtungi wa enzi ya Han ambao msanii wa China, Ai Weiwei, aliuandika nembo ya Coca-Cola mwaka 1994, nikapagawa. Nikanunua chungu cha Wakisi, vile vinavyofinyangwa Ikombe na kuuzwa Matema, nikakipiga nembo ya soda kwa ustadi wangu wote. Mama mmoja muuza ndizi akakizunguka, akauliza, "Mwanangu, kwa hiki wamekulipa shilingi ngapi?"

Nilinuna, lakini alikuwa sahihi. Mtungi ule una umri wa karibu miaka 2,000. Ukiupaka rangi kuna kitu kinaharibika, mtazamaji anashtuka. Changu kilifinyangwa juzi, na kingine kama hicho kilikuwa kinauzwa sokoni. Nilikuwa nimetengeneza tangazo la bure.

Kwa hiyo jiulize kwanza nembo hiyo inakula nini pale ulipoiweka. Kama haili kitu, ifute.

Halafu msome msanii Cildo Meireles wa Brazil. Mwaka 1970, nchi yake ikitawaliwa na wanajeshi, alichukua chupa za Coca-Cola za kurudisha, akazichapa ujumbe wa kisiasa kwa herufi nyeupe, akaziingiza tena kwenye mzunguko. Chupa ikiwa tupu maandishi hayaonekani vizuri. Ikijazwa soda, yanajitokeza. Sisi tuliotumwa dukani na kreti la chupa tupu hatuhitaji kufafanuliwa.

Chagua pia nembo iliyokwisha kuingia mdomoni mwa watu. Dawa ya viatu tunaiita kiwi, na mfuko wa plastiki tuliuita rambo hadi ulipopigwa marufuku Juni 2019. Hapo pana utajiri kuliko kwenye nembo ya simu ya bei mbaya ambayo hujawahi hata kuishika.

Na usikimbilie fulana. Ukichapa mia moja zenye nembo ya watu ukaziuza Kabwe, unacheza na Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na kujitetea kwamba wewe ni msanii kunaweza kusikusaidie.

Kazi ninayojivunia ni ukuta. Duka moja la Uyole nililipaka mara tatu, kampuni tatu tofauti, rangi juu ya rangi. Mwenye duka hakuambulia zaidi ya ukuta unaong'aa. Alipofunga biashara nilimwomba ruhusa, nikaukwangua siku mbili mabaka kwa mabaka. Nyekundu, chini yake bluu, chini yake njano. Chini kabisa likatokea jina la baba yake, aliyelifungua duka lile, kwa herufi za mkono zilizopinda kidogo. Mimi ndiye niliyelifunika, na sikuwa na kumbukumbu nalo hata kidogo.

Aliniuliza kama naweza kuzinyoosha herufi. Nikamwambia, kaka, hizo siziwezi.