Anza na kamba, majina ya enzi yatafuata

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha historia ya uhai nilijaza ubao majina ya enzi, na wanafunzi wakayanakili kwa wino wa rangi mbili. Mtihani waliufaulu vizuri tu. Wiki moja baadaye, kijana aliyeongoza darasa akaniuliza kama watu wa kale waliwaua dinosaria kwa mikuki au kwa mitego. Hakuwa anatania. Nilimpa majina yote, ila muda sikumpa.

Siku hizi kipindi cha kwanza hakina jina hata moja la enzi. Nabeba kamba ya mita 45 na nusu, tunatoka nje, mmoja anashika mwanzo na mwingine mwisho. Kila mita ni miaka milioni 100, kila sentimeta ni milioni moja. Mwanzo ni Dunia ilipoumbika, miaka bilioni 4.54 hivi iliyopita, na mwisho ni leo. Kabla sijafungua mdomo, nawagawia vitambaa wafunge wanapodhani kila jambo lilitokea: uhai wa kwanza, mimea ya nchi kavu, dinosaria, sisi. Usiiruke hatua hii ya kubahatisha hata kama muda umebana, maana asiyebahatisha hashangai. Karibu kila darasa hufunga dinosaria katikati ya kamba.

Halafu tunavihamisha pamoja. Miongoni mwa dalili kongwe za uhai ni mawe yenye matabaka yaliyojengwa na vijidudu huko Australia Magharibi, ya miaka bilioni 3.5 hivi, kwa hiyo kitambaa kinakaa mita 35 kutoka mwisho. Oksijeni inaanza kujikusanya hewani zikiwa zimebaki mita 24. Kisha tunatembea, na tunatembea, bila kukutana na mnyama hata mmoja mpaka zibaki mita sita hivi. Mimea inapanda nchi kavu kwenye mita 4.7. Dinosaria wanaingia mita 2 na sentimeta 30 kabla ya mwisho, na kutoweka kwenye sentimeta 66 (ndege ni wazao wao, lakini hilo naliweka akiba kwa siku nyingine). Binadamu wa aina yetu, mwenye miaka 300,000 hivi, ana milimita tatu. Msichana mmoja aliibana ile ncha kwa kucha akaniuliza, "Mwalimu, na wafalme wote wamo humu?" Nikamwambia wafalme tunaowajua kwa maandishi hawafiki hata unene wa karatasi.

Swali litakalofuata ni "Nani alikuwepo akaona?" Lisikuudhi, ni swali zuri kuliko yote. Mimi hulijibu kwa sarafu 100 ndani ya boksi. Tikisa, mwaga, ondoa zote zilizoangukia upande wa kichwa, hesabu zilizobaki, rudia. Hakuna anayejua sarafu ipi itaondoka, lakini kila mara inabaki karibu nusu. Urani, madini yenye mionzi, ndani ya mwamba huenda hivyo hivyo: aina moja yake hupungua nusu kila miaka bilioni 4.47 na mwishowe huwa risasi. (Waeleze mapema kwamba ni risasi ile ya madini, la sivyo darasa zima litaanza kupiga bunduki.) Ukipima kilichobaki na kilichozaliwa, unapata umri. Hapo hapo waonye kuhusu kaboni. Wengi hudhani mifupa ya dinosaria hupimwa kwa kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi iliyomo kwenye viumbe, ilhali hiyo hupungua nusu kila miaka 5,730 na ukipita miaka 50,000 hivi haisaidii tena.

Kosa jingine nililolifanya kwa miaka ni kuchanganya maswali mawili. Namna viumbe walivyobadilika baada ya uhai kuwepo, ushahidi wake ni mwingi mno. Namna uhai wenyewe ulivyoanza, bado watafiti wanatafuta jibu. Mwaka 1953 mkemia wa Marekani, Stanley Miller, alitangaza kwamba alipitisha cheche za umeme kwenye mvuke na gesi, akapata asidi amino, yaani matofali ya protini. Matofali si nyumba. Nilikuwa naisimulia kana kwamba uhai ulitengenezwa kwenye chupa, mpaka mwanafunzi mmoja aliponiuliza kile kiumbe kilikula nini.

Lugha yetu nayo ina mtego wake. Tunasema "binadamu ametokana na nyani" kisha tunashangaa watoto wakiuliza mbona nyani bado wapo. Nyani ni yule wa porini tunayemjua. Jamaa zetu wa karibu zaidi ni sokwe, na hata wao si babu zetu. Ni kama binamu: hukuzaliwa na binamu yako, mna babu mmoja. Babu huyo tunayechangia na sokwe aliishi sentimeta sita au saba kutoka mwisho wa kamba.

Wanaotoka kwenye familia za dini usiwakejeli, wala usiwashawishi waache chochote. Mimi huwaambia, "Sikukagui imani, nataka unieleze ushahidi unasema nini na tunaupataje." Hapo huwasimulia Tiktaalik, samaki mwenye shingo na mifupa kama ya kifundo cha mkono ndani ya mapezi. Watafiti hawakumwokota kwa bahati tu. Walipiga hesabu kwamba kiumbe wa kati ya samaki na wanyama wa miguu minne lazima awe kwenye miamba ya miaka milioni 375 hivi, wakaenda kaskazini ya mbali ya Kanada kwenye miamba ya umri huo, wakachimba msimu baada ya msimu, na mwaka 2004 wakampata. Hata wale wanaokunja mikono nyuma ya darasa huinamia mbele kusikia.

Kamba iwe ya katani au pamba, maana ya nailoni huvutika na vipimo vyote vinaharibika. Na izungushie kwenye kijiti ukimaliza. Ikijisokota itakumalizia nusu ya kipindi kijacho, naongea nikiwa nimefungua mafundo hayo mbele ya watoto arobaini.