Kesi ya Wamaasai ya 1913 na suala la mawakili

Mkuu, umeuliza kwa nini Wamaasai walishindwa kesi ya Laikipia, na kama elimu ya mkoloni ilichangia.

Walishindwa mlangoni tu. Mkataba wa 1904 kati yao na Waingereza uliwaahidi ardhi ile ya Laikipia, Kenya, kwa muda wote watakaokuwepo kama kabila. Ule wa 1911 ukawahamishia kusini kuwapisha walowezi. Mmaasai Ole Njogo na wenzake wakashtaki Mahakama Kuu, Mombasa. Mahakama haikupima hata kama ahadi ilivunjwa. Ilisema eti Wamaasai si raia wa Mfalme wa Uingereza, wana dola yao, kwa hiyo mikataba ni mambo ya dola mbili, hakimu hayamhusu. Yaani dola wanayo ya kuwazuia kushtaki, ya kulinda malisho hawana! Rufaa nayo ikagonga mwamba mwaka huohuo.

Kuhusu shule: ripoti ya Fraser ya 1909, kuhusu elimu katika koloni, ilitaka Mwafrika afundishwe useremala na kazi nyingine za mikono. Wakili Mwafrika angetoka wapi? Wa kwanza Kenya, Argwings-Kodhek, tulimpata miaka ya 1950, akaishia kuwatetea watuhumiwa wa Mau Mau.