Neno "uvimbe" lilivyonifunza kazi: kwa wanaoanza utafiti wa mimea dawa Kigoma

Ninyi mnaoanza kazi ya mimea dawa hapa Kigoma, chungeni kwanza neno "uvimbe", kwa kuwa kwetu hubeba maana mbili: mwili unaojihami kwa joto, wekundu na maumivu, na lile donge ambalo daktari hulishuku kuwa saratani. Mwaka wangu wa kwanza niliwaeleza akina mama wa Ujiji kwamba kiungo cha manjano hupunguza uvimbe. Mmoja wao, aliyekuwa na donge titini, akaniuliza anywe vijiko vingapi kwa siku. Kesho yake nilimsindikiza hospitalini, na tangu hapo kwa maana ya kwanza nasema "mchochota", hata nikilazimika kulifafanua kila mara.

Mchochota usiokoma, kama ule uletwao na virusi vya homa ya ini B au na bakteria Helicobacter pylori tumboni, huharibu vinasaba huku ukizihimiza seli zigawanyike, na hiyo ni njia mojawapo ya kufikia saratani ya ini au ya tumbo. Ndani ya seli, protini iitwayo NF-κB huziamsha jeni za mchochota, na kukumini, ambayo ndiyo hukipa kiungo cha manjano rangi yake, huizuia protini hiyo katika sahani ya maabara. Sahani, hata hivyo, haina utumbo wala ini. Kukumini iliyomezwa hufyonzwa kidogo mno. Jaribio lililochapishwa mwaka 1998 lilionyesha kwamba piperini ya pilipili manga huiongeza damuni takribani mara 20, lakini piperini hiyohiyo huweza kupandisha kiwango cha dawa nyingine anazotumia mgonjwa, kwa hiyo ulizeni dawa zake kabla ya kusifu viungo.

Juu ya mawese mtaulizwa zaidi. Wekundu wake ni karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A. Lakini nchini Finland, wanaume wavuta sigara waliopewa vidonge vya beta-karotini, miligramu 20 kwa siku, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa, kwa matokeo ya mwaka 1994. Jaribio hilo lilipima kidonge, si mboga iliyoungwa kwa mawese, na tofauti hiyo msiiache ipotee mnapojibu.

Daftarini, kando ya kila tokeo, andikeni lilikopatikana: sahani, panya au mtu.