Bunduki ya kuwindia: usikoki mapema

Wapo wawindaji ambao wakishuka tu kwenye gari wanakoki bunduki, yaani wanaingiza risasi tayari kufyatuliwa, halafu wanatembea nayo asubuhi nzima wakitegemea sefti, kile kizuizi cha bunduki isifyatuke. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Sefti ni chuma, nacho huchakaa. Na kwenye vichaka vya Itigi huko Singida, vilivyosongamana hadi mtu apite ubavu, kijiti tu kinaweza kuisukuma usihisi chochote.

Tembea na risasi kwenye magazini (hifadhi ya risasi), chemba, yaani tundu la risasi nyuma ya mtutu, ikiwa tupu. Koki ukishamwona mnyama, ukamtambua, ukajua na nyuma yake kuna nini. Kidole kikae mbali na triga, na kumbuka kwamba mfuata nyayo yuko mbele yako: mtutu usimguse hata kwa kupita. Bolti, kile chuma cha kuingiza na kutoa risasi, ivute mpaka mwisho ndipo uisukume mbele. Ukiivuta nusu haichukui risasi, na utafyatua chemba tupu.

Ila balaa kubwa naliona pale mnyama anapokimbia na bunduki imeshakokiwa. Wengi hubonyeza triga huku wakilaza mkono wa bolti taratibu, eti wanalegeza springi. Ndugu zangu, risasi ikiwa ndani msifanye hivyo! Pini, yaani chuma kinachogonga risasi, inabaki imeegemea kitako cha risasi, na bunduki ikianguka au ikigongwa kwa nguvu inaweza kufyatuka yenyewe. Elekeza mtutu pasipo na mtu, fungua bolti, toa risasi. Mauser 98, bunduki ya bolti ya Kijerumani, yenye sefti yake ya asili ina nafasi tatu: ile ya katikati hukuwezesha kufungua bolti huku pini imezuiwa. Itumie. Kisha angalia chemba kwa macho, na ingiza kidole kidogo uhakikishe, hasa jua likishazama.

Bunduki ya kukunja (ile ambayo mtutu hukunjwa kuingiza risasi) yenye nyundo za nje, ikunje utoe risasi kwanza, ndipo ushushe nyundo. Gumba lenye jasho huteleza. Blaser R8, bunduki nyingine ya Kijerumani, ni tofauti: springi haibanwi mpaka usukume kitufe kwa gumba, na isipofyatuliwa unailegeza kwa kitufe hichohicho. Huo mpangilio naupenda.

Kiangazi, vumbi la Manyoni hadi Rungwa huganda kwenye mafuta na kufanya bolti na sefti ziwe nzito. Futa kila jioni, paka mafuta kidogo sana, na ijaribu sefti bunduki ikiwa tupu kabla ya kutoka tena.