Nahodha Anajibu: Msipime Mwanya Mkiwa Mwanza

Barua za mwezi huu kutoka Ziwa Victoria zinauliza swali moja kwa maneno tofauti: nitoke lini? Yaani mwanya ni upi, ule muda ambao hali ya hewa inaruhusu kusafiri salama. Nimechukua tatu. Ya pili nimeijibu kwa kirefu kwa sababu walioiandika bado hawajaondoka, na ningependa waondoke salama.

Shikamoo nahodha. Nina mtumbwi wa injini, nabeba mizigo ya wafanyabiashara kutoka Kayenze kwenda visiwani. Siku ambayo ziwa limetulia kabisa, kuna ubaya nikiongeza magunia matano au sita? — Mchukuzi, Kayenze

Marahaba mwanangu. Usiongeze hata moja. Magunia sita yanakula ubavu wa chombo ulio juu ya maji, na ubavu huo ndio akiba yako pekee abiria wakisimama wote upande mmoja au wimbi la meli kubwa likikupitia. Ziwa likichafuka njiani huwezi kurudi gatini kuyapunguza.

Na si lazima lichafuke. MV Nyerere, kivuko cha abiria, ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, mchana kweupe, ikiwa imebakiza kidogo tu kufika gati la kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria wapatao mia moja. Waliokufa peke yao walizidi 220. Sisi wa ziwani tuliwazika ndugu zetu, kwa hiyo sitalizunguka jibu hili.

Shikamoo mzee wetu. Mimi na wenzangu wawili tumenunua mashua ya tanga ya futi 26, ina injini ndogo ya kusaidia. Tunataka kuipeleka Bukoba mwezi Julai, tukitegemea tanga zaidi. Programu ya simu inaonyesha upepo wa noti 8 hadi 10 wiki nzima. Tumefikiria kutoka Mwanza Ijumaa saa kumi na mbili jioni, tusafiri usiku kama zinavyofanya meli, tufike Jumamosi. Tuchague Ijumaa ipi? — Vijana watatu, Kirumba, Mwanza

Marahaba wanangu. Nimeisoma barua yenu mara mbili, na kilichonishtua si upepo wa noti 10. Ni saa kumi na mbili jioni.

Tufanye hesabu pamoja. Mwanza hadi Bukoba, ukipiga mstari ulionyooka, ni karibu maili 100 za bahari. Meli inazimaliza kwa usiku mmoja. Mashua ya futi 26 ikienda noti 5, yaani maili 5 za bahari kwa saa, bila kusimama, na hapo ninawapendelea, ni saa ishirini. Mkitoka saa kumi na mbili jioni, saa tisa usiku mtakuwa maili 45 kutoka nyumbani, na saa tatu asubuhi maili 75. Maana yake, kuanzia saa tisa usiku hadi saa tatu asubuhi mtakuwa mnatoka katikati ya ziwa kuingia upande wa magharibi. Katika saa zote ishirini na nne, hamngeweza kuchagua sita mbaya kuliko hizo, wala sehemu mbaya kuliko hiyo.

Sababu yake ni hii. Mchana nchi kavu inapata joto kuliko maji, hewa inapanda juu ya nchi, na upepo unatoka ziwani kwenda pwani pande zote. Ndiyo maana radi za alasiri zinapiga huko bara. Usiku inageuka. Nchi inapoa, maji yanabaki na joto lake, na upepo unatoka Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja kuingia ziwani. Unakutana katikati. Ukikutana hauna pa kwenda ila juu, na hapo mawingu ya radi yanajengeka usiku mtu amelala. Kwa kuwa hewa ya juu kwa kawaida inasukuma kutoka mashariki, mvua nzito ya usiku inaangukia zaidi upande wa Bukoba.

Watafiti waliochambua picha za setilaiti wameona jambo ambalo mimi nililijua kwa kulipwa vibaya: radi kubwa za mchana bara mara nyingi hufuatwa na dhoruba kali ziwani usiku wake. Novemba 1994 nilikuwa baharia kwenye mashua ya tanga iliyobeba dagaa kutoka Ukara. Mchana kutwa tuliisikia radi ikinguruma mashariki, upande wa Bunda, na hakuna aliyeijali kwa sababu juu yetu palikuwa na jua. Mwenye mzigo alitaka kuwahi soko, tukaondoka usiku. Tukiwa kwenye mlango wa Ghuba ya Speke, karibu saa kumi na moja alfajiri, upepo ulikufa. Tanga likaning'inia kama kanga kwenye kamba. Kisha nikasikia baridi usoni na harufu ya udongo uliolowa, na tulikuwa mbali na udongo wowote. Nahodha alipiga kelele tanga lishushwe. Kamba ya foromali, ule mti unaobeba tanga, ikakwama kwenye kapi, imevimba kwa umande. Nilikuwa nimeishika mimi. Naikumbuka bado, ilivyokuwa ngumu kama kuni, na mstari mweupe ukija juu ya maji kutoka mashariki. Tuliikata kwa panga la nanasi. Tulitupa magunia 14 na kukumba maji kwa ndoo mpaka kukapambazuka, na nchi kavu tuliipata mchana, mbali sana na tulikokusudia.

Upepo wa namna ile hauonekani kwenye simu zenu. Programu nyingi za bure zinatumia hesabu za dunia nzima. Zinaligawa ziwa katika miraba ya kilomita tisa, kumi na tatu, nyingine ishirini na tano, kisha zinatoa wastani wa kila mraba. Dhoruba moja ya radi inaweza kukaa yote ndani ya mraba na wastani ukabaki noti 10. Na msidhani noti 20 ni mara mbili ya noti 10. Nguvu ya upepo kwenye tanga inakua mara nne.

Sasa Julai yenyewe. Mmechagua mwezi mzuri, hongereni. Upande huu wa kusini ni kiangazi, radi za usiku ni chache kuliko Novemba au Aprili. Lakini Julai ina kusi lake, upepo wa kusini mashariki, na hapa ndipo wengi wanaponaswa. Mkisimama Kirumba asubuhi, mji wote na vilima vyake viko kati yenu na upepo huo. Maji ya ghuba yanalala kama mafuta ya taa kwenye sahani. Upepo uleule, kabla haujafika Bukoba, unakuwa umepita masafa marefu juu ya maji matupu, ukijenga wimbi maili kwa maili. Pwani ya Bukoba ndiyo inayopokea. Mtafika na wimbi mgongoni linalowasukuma kwenye nchi kavu, mmechoka, pengine giza linaingia. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama Mwanza kutakuwa shwari mkitoka. Ulizeni Bukoba kutakuwaje saa ile mtakayofika, kisha rudini nyuma kwa hesabu mpaka mpate saa ya kung'oa nanga.

Nilikulia kazini Tanga kabla ya kuja huku, na baharini tulisubiri msimu: kaskazi itushushe, kusi itupandishe, na ndani ya msimu tulisubiri siku tatu au nne zilizotulia pamoja. Huku mwanya unahesabiwa kwa saa. Unafunguka takriban saa mbili au tatu asubuhi, mawingu ya usiku yakishakatika, na mimi nilitaka niwe nimeshatia nanga kabla ya jua kuzama. Saa tisa za kazi, basi. Mashua yenu ihesabuni kwa noti 4, si 5, kwa sababu mchana upepo wa nchi unapogeuka kuwa upepo wa ziwa kuna muda wa kukaa bila upepo kabisa. Saa tisa kwa noti 4 ni maili 36. Huo ndio urefu wa safari yenu kwa siku moja.

Ukiikata hivyo, njia inajionyesha yenyewe. Siku ya kwanza Mwanza hadi Kome, kama maili 25. Ya pili Kome hadi Maisome, haifiki 30. Siku hizi mbili sina wasiwasi nazo sana, visiwa viko karibu na pa kujificha pako. Rubondo iko jirani, lakini ni hifadhi ya taifa, hamshuki bila kibali. Ya tatu, Maisome hadi Bumbire, ni karibu maili 35 za maji yaliyo wazi, na hiyo ndiyo inayotaka mwanya hasa. Ya nne, Bumbire hadi Bukoba, ni maili 20 hivi, nusu siku.

Pale Maisome msubiri. Ninachotaka kabla ya kuondoka hapo ni usiku mmoja mzima bila umeme kumulika upande wa mashariki, na mchana uliotangulia bila radi bara. Umeme wa magharibi usiwatishe sana, kwa kawaida huo umeshapita. Wa mashariki unakuja. Hesabuni sekunde kati ya mwako na mngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Someni utabiri wa ziwa wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, sehemu ya magharibi na si ya Mwanza tu. Unataja mawimbi kwa mita na upepo kwa kilomita kwa saa, kwa hiyo kumbukeni noti moja ni karibu kilomita 1.85. Kwa mashua yenu, wakitaja mawimbi yanayozidi mita moja, kaeni. Mtu mwingine angewaambia mita moja na nusu. Mimi naona wimbi la ziwa ni fupi na linapiga haraka, halikupi nafasi ya kuinua omo, pua ya chombo, kabla la pili halijafika.

Halafu waangalieni wavuvi wa dagaa. Usiku usio na mwezi taa zao zinajaa ziwani kama mji. Mkiamka saa tisa usiku mkaona taa zinapungua haraka, zinakimbilia pwani kabla ya wakati wake, wao wameshahisi kitu. Asubuhi nendeni mwaloni, pale ufukweni wanapoanika dagaa, muwaulize usiku ulikuwaje. Msiulize kama leo kutakuwa kuzuri, watawajibu kwa adabu tu. Ulizeni walichokiona.

Siku ya Bumbire wekeni saa sita mchana kuwa saa ya kuamua. Ikifika na hamjamaliza theluthi ya njia, washeni injini au geuzeni, msisubiri kuona. Jaketi okozi zivaliwe tangu nanga inapong'olewa, na kamba ya foromali ipitisheni kwenye kapi mara kumi mkiwa bado Kirumba, ikiwa imelowa.

Mmoja wenu ameandika kwamba lazima awe kazini Jumatatu. Huyo arudi kwa meli, au asiende kabisa. Safari hii inaweza kuchukua siku nne, inaweza kuchukua tisa, na mwenye Jumatatu kichwani ndiye atakayesema "twendeni tu" pale Maisome. Kurudi pia kufikirieni sasa: kusi litakalowapeleka litakuwa usoni mkirudi, mtapiga bishi, yaani kwenda kwa mikato dhidi ya upepo, karibu njia nzima. Mimi ningeiacha mashua Bukoba mpaka kusi lilegee.

Nahodha, asubuhi ya juzi tuliona nguzo ya maji imesimama kati ya wingu na ziwa, kama mkonga. Mke wangu anasema ni joka la ziwani na tusilitaje. Mimi naona ni upepo. Nani ana haki? — Mvuvi, Ukerewe

Mpe mama salamu zangu. Bibi yangu alisema hivyohivyo, na kwa kutolitaja alikuwa na maana ya kukaa mbali nalo, jambo ambalo ni sahihi. Ni hewa inayozunguka chini ya wingu linaloendelea kukua, juu ya maji yenye joto, wakati upepo wa kawaida ni mdogo. Huonekana sana asubuhi, kwenye mabaki ya yale mawingu ya usiku niliyowaeleza vijana wa Kirumba, na hiyo ni sababu nyingine ya kungoja saa tatu.

Nyingi hazidumu, ni dakika chache tu, lakini inatosha kupindua mtumbwi. Ukiiona, chagua kitu pwani nyuma yake, mti au jiwe, uitazame kidogo. Ikihama kulia au kushoto ya kile kitu, ujue inapita, nawe uende upande ilikotoka. Ikiwa haihami bali inanenepa tu, inakuja kwako. Shusha tanga, washa injini, ukimbie ukiwa umeiweka ubavuni, kwa kutoka pembeni mwa njia yake na si kwa kuikimbia mbele yake. Nyavu ziache, utazifuata baadaye.