Shangazi, nitaachaje kung'ata kucha?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31 na nang'ata kucha tangu nikiwa darasa la pili. Nimepaka dawa chungu hadi nikaizoea. Nikabandika kucha za bandia, nilipozibandua zikaondoka na tabaka la juu la kucha zangu, sasa zimebaki laini kama karatasi iliyolowa. Kidole gumba cha kulia kimevimba pembeni na usiku kinapwita. Mume wangu akiniona hupaza sauti, "Toa mkono mdomoni!" hata mbele ya wageni. Kinachoniuma zaidi ni binti yetu wa miaka 6: naye ameanza. Je, nimepungukiwa kalisiamu? Ninunue vidonge gani?*
*Mama wa Binti Mmoja*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hicho kidole gumba, maana hakisubiri.

Ngozi iliyo pembeni ya ukucha ikichanwa na meno, vijidudu vya mdomoni hupata njia ya kuingia. Loweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15, mara 3 au 4 kwa siku, kisha kikaushe vizuri. Usikiminye, usikitoboe kwa sindano. Ukiona usaha, au wekundu unapanda, au homa, au siku 2 zimepita bila nafuu, nenda ukaonwe. Usaha ukishajikusanya mara nyingi huhitaji kutolewa na mtaalamu. Usimeze vidonge vya viuavijasumu vilivyobaki kabatini, kwa sababu vijidudu vya mdomoni si lazima viwe vile vya kwenye ngozi, na dawa iliyomponya mtu jipu huenda isikufae. Kama badala ya usaha unaona vilengelenge vidogo vimekusanyika na vinachoma, huenda ni virusi vya malengelenge ya mdomo vilivyohamia kidoleni, na hivyo havipasuliwi kabisa. Na kama una kisukari, usingoje hizo siku 2. Nenda leo.

Sasa kalisiamu. Hapana, si hiyo. Ukucha umeundwa kwa keratini, protini ile ile ya nywele, na kalisiamu iliyomo ni kidogo mno. Hata yale madoa meupe ambayo watu huyaona wakakimbilia maziwa kwa kawaida ni alama ya kugongwa au kubanwa kwenye shina la ukucha wiki kadhaa zilizopita. Vidonge vya bayotini, aina ya vitamini, vimejaribiwa kwa watu wenye kucha zinazokatika zenyewe, aghalabu miligramu 2.5 kwa siku, lakini majaribio yalikuwa madogo na ushahidi bado ni mwembamba. Wewe kucha zako hazikatiki zenyewe, unazikata wewe. Zaidi ya hapo, bayotini nyingi mwilini inaweza kupotosha vipimo vya damu, vikiwemo vya tezi ya shingo na vya moyo, kwa hiyo anayeimeza lazima amwambie daktari kabla ya kupimwa. Upungufu ninaoujali ni wa madini ya chuma: kucha zikiwa bapa au zimebonyea katikati kama kijiko, na unachoka ovyo au unahema kwa kazi ndogo, pima damu. Kama hayo huna, tunza pesa yako.

Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi. Tangu unapochomoza kwenye ngozi hadi kufika ncha ya kidole, hiyo ni miezi 4 hadi 6. Sehemu unayoiona tayari imekufa, haina damu wala neva, kwa hiyo lile tabaka lililobanduliwa na kucha za bandia halitajirudi kwa mafuta wala rangi ya aina yoyote. Litasukumwa mbele hadi liishe. Ukitazama karibu na kile kijimwezi cheupe baada ya mwezi mmoja hivi utaona ukucha mpya, mnene na usiokwaruza, unaanza kuusukuma ule mwembamba. Kazi yako ni kuulinda huo.

Tuje kwenye meno yenyewe. Hebu leo jioni jitazame mkono ulipotulia, labda simu iko mkono mmoja na huu mwingine hauna kazi. Kidole gumba huanza kutembea juu ya ncha za vidole vingine, kimoja baada ya kingine, kikipapasa. Ndicho mpelelezi. Kikikuta pahali panapokwaruza hurudi hapo mara ya pili, ya tatu, kisha mkono unapanda mdomoni ili meno "yasawazishe". Lakini meno hayakati, yanachana. Ukucha una matabaka, na jino likiuvuta kila tabaka huchanika kwa urefu wake, kwa hiyo ncha inayobaki ni mbaya kuliko ile ya mwanzo. Dakika tano baadaye mpelelezi anarudi na kukuta kazi mpya. Kwa hiyo usijiambie huna msimamo. Umejaribu kuufunga mdomo, na ile ncha inayouita umeiacha palepale.

Ndiyo maana ninatanguliza msasa wa kucha kabla ya dawa chungu. Nunua ule laini, namba 240 au zaidi, na usiwe na mmoja. Mmoja mkobani, mmoja kitandani, mmoja pale unapokaa jioni. Ukihisi pamekwaruza, sugua papo hapo: ukucha ukiwa mkavu, toka pembeni kuelekea katikati, upande mmoja tu. Kusugua huku na huku kama msumeno hutenganisha yale matabaka. Ngozi iliyochanika pembeni usiivute hata siku moja, kwa sababu huchanikia kwenye nyama hai, na hapo ndipo kidole gumba chako kilipoanzia. Ikate kwa mkasi mdogo uliofutwa kwa spiriti, karibu na shina lake, basi.

Mwaka 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Nathan Azrin na R. Gregory Nunn, walichapisha njia ya kuachisha mazoea ya namna hii, na hadi leo ndiyo inayotumiwa zaidi na wataalamu. Kiini chake ni kwamba zoea halifutwi, hubadilishiwa kazi.

Wiki ya kwanza usijaribu kuacha. Andika tu. Kila unapokuta kidole mdomoni, andika saa, ulikuwa wapi, kidole gani, na nini kilitangulia: uchovu, simu iliyochelewa kujibiwa, filamu yenye mashaka, ncha iliyokwaruza. Usihangaike kuhesabu umeng'ata mara ngapi, tafuta ni lini. Wengi hugundua kwamba nyakati zao ni mbili au tatu tu kwa siku, na zinajirudia.

Kuanzia wiki ya pili, chagua kitendo kimoja ambacho mkono hauwezi kukifanya huku ukiwa mdomoni. Kukunja ngumi taratibu, bila kukaza, kwa dakika 1 hadi 3. Au kushika kitu kilicho karibu, kalamu au mkono wa kiti, kwa muda huohuo. Kama unachokosa ni ule mguso, sugua ncha za vidole kwa upole, duara dogo dogo, upande wa nyama na si upande wa ukucha. Kiwe kitendo unachoweza kukifanya kikaoni bila mtu kujua. Kianze mkono unapoanza kupanda, siyo umeshafika. Ukiukuta umeshafika, utoe na ufanye vilevile, usijisute. Ukijisuta unaongeza ule wasiwasi uliouleta mkono huko. Watu hushindwa hapa kwa sababu wanakunja ngumi sekunde kumi kisha wanaachia, na hamu ingali juu. Subiri dakika hiyo iishe. Hamu hupanda, hufika kilele, hushuka yenyewe.

Dawa chungu bado ina nafasi, ila umeidai zaidi ya inachoweza. Yenyewe ni kengele ya kukuamsha pale mkono unapopanda bila wewe kujua. Kila unaponawa inapungua, na kinachobaki ndicho ulichokizoea. Ipake upya asubuhi, na tena kabla ya zile saa ulizoziandika, kwenye ncha na chini ya ncha. Usipake kwenye kidonda, kwa hiyo kidole gumba kiachwe hadi kipone, na nawa vizuri kabla ya kugusa macho au chakula. Saa ile mbaya kuliko zote, funga plasta kwenye vidole viwili unavyovishambulia zaidi. Usifunge vyote kumi, utaibandua kabla ya nusu saa.

Kuna kipindi nakutahadharisha nacho mapema. Baada ya wiki 2 hadi 4 ukucha utakuwa umesogea milimita 1.5 hadi 3, na ncha yake itaanza kuachana na nyama. Utaihisi kila unapogusa kitambaa, ngeni na yenye kukwaruza. Hapo ndipo kidole gumba kinapokuwa na kazi kuliko wakati wowote. Sugua kwa msasa kila jioni, dakika 2, ziache fupi na za mviringo hafifu. Usitamani urefu kabla ya mwezi wa tatu.

Utaona pia ile sehemu ya waridi chini ya ukucha ni fupi kuliko ya watu wengine. Kwa miaka yote hii ukucha umerudishwa nyuma na nyama imeachana nao. Wengi hurejeshewa sehemu kubwa, polepole, mradi usichokonoe chini ya ukucha kwa kitu chenye ncha kali. Ukichokonoa unabandua kilichoanza kushikana. Tumia brashi laini na sabuni.

Kuhusu uimara, watu wanatafuta ugumu, na hapo ndipo wanapokosea. Ukucha mzuri ni ule unaopinda kidogo ukarudi. Ukucha mgumu usiopinda hukatika kwa kishindo. Ndiyo maana simpendekezei mtu rangi za kukazia kucha zenye kemikali ya formaldehidi: mwezi wa kwanza zinafurahisha, baadaye ukucha unakuwa kama kioo. Adui mkubwa ni maji. Ukucha hunyonya maji ukavimba, ukikauka unasinyaa, na ukirudia hivyo mara ishirini kwa siku matabaka yanaachana. Vyombo na nguo zifuliwe kwa glavu za mpira, na ndani yake vaa za pamba ili jasho lisifanye kazi ileile ya maji. Kila ukishanawa, paka mafuta ya mgando kidogo, kiasi cha punje ya mchele kwa kidole, uyasugue kwenye ukucha na kile kigozi kinachofunika shina lake. Usiku tumia krimu yenye urea asilimia 10 hadi 20 kama ngozi haina michubuko. Kigozi hicho usikikate, hata wakikuambia kunapendeza, kwa sababu ndicho kizibo kinachozuia maji na vijidudu visiingie kwenye shina. Kuondoa rangi kusizidi mara moja kwa wiki, na dawa yake isiwe na asetoni. Kucha za bandia ziache miezi 6, hadi huu ukucha wako uwe mpya mzima.

Na zikishakua utaanza kuzitazama, kwa hiyo nikuambie mapema: mistari meusi ya kwenda wima kwenye kucha kadhaa ni kawaida sana kwa wenye ngozi nyeusi. Mstari mmoja mpya kwenye ukucha mmoja tu, unaopanuka au weusi wake unafika kwenye ngozi, huo uonwe na daktari.

Mume wako nadhani anataka kusaidia, lakini kelele mbele ya wageni huleta aibu, na aibu huupeleka mkono kulekule. Ongea naye siku mmetulia. Mkubaliane ishara moja ya kimya, kwa mfano akuguse kiwiko, na umwombe jambo la pili ambalo ni zito zaidi: aseme kitu anapouona mkono wako umetulia. Azrin na Nunn nao waliliweka hilo, mtu wa karibu wa kutia moyo. Ukifuata haya miezi 3 na bado vidole vinatoka damu, au uking'ata ni kwa sababu ya wasiwasi usiokuachia hata usingizi, mtafute mwanasaikolojia. Kuna watu waliosomea zoea hili hasa.

Binti yako ana miaka 6. Watoto wengi hung'ata kucha na wengi huacha wenyewe wakikua, kwa hiyo usimchape, usimtishe, usimpake dawa chungu bila ridhaa yake. Angalia ni saa ngapi anafanya hivyo. Kama ni mbele ya televisheni, mpe kitu cha kuchezea mkononi saa hiyo. Kama alianza ghafla, muulize habari za shule kabla ya kumuuliza habari za kucha. Akijikuna makalio usiku, peleka suala la minyoo kwa daktari, kwa kuwa mayai yake hukaa chini ya kucha na kurudi mdomoni, na kwa kawaida dawa hunywa nyumba nzima.

Kisha wekeni jioni moja kwa wiki, wewe na yeye, msasa mmoja kila mtu. Mfundishe kutafuta panapokwaruza kwa ncha ya kidole na kupalainisha. Mwache aanze na kucha zako.